Likizo ya familia Pwani: angalia maji kwanza, mengine yatajipanga

Kila shule zikikaribia kufungwa jamaa wa bara huniuliza swali lile lile, tukija Pwani na watoto tuwapeleke wapi, na mimi nawarudishia swali, mnakuja tarehe ngapi? Manake kabla hujachagua pahali ni vizuri ujue bahari siku hizo itakuwa vipi. Hapa naongea Pwani ya Kenya, kuanzia Shimoni kule Kwale mpaka Malindi, sehemu ya uliokuwa Mkoa wa Pwani kabla ya kaunti kuingia 2013. Watu wengi wanakuja na orodha ndefu ya sehemu za kwenda, wanafika bichi saa nne asubuhi wanakuta maji yako mbali huko kwa mwamba, watoto wananuna, wazazi wanaona wametupa pesa. Na siku ile ile, mtu anayejua maji angewapa watoto asubuhi ambayo hawataisahau.

Iko hivi. Maji yanajaa mara mbili na yanapwa mara mbili kwa siku moja na usiku wake, na kila siku yanachelewa karibu dakika hamsini kuliko jana. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, hapo na siku moja mbili baada yake, ndo kuna bamvua, maji yanajaa sana na yanapwa sana. Katikati ya hapo, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, hayaendi mbali wala hayaji juu sana. Sasa huku kwetu siku za bamvua maji hupwa kabisa kwenye saa nne saa tano asubuhi, alafu yanajaa kwenye saa kumi jioni. Siku za maji mafu ni kinyume, asubuhi saa nne hivi yamejaa. Kwa hivyo angalia mwezi tu, au ukitaka hakika zaidi tafuta jedwali la kupwa na kujaa la Mombasa kwa simu, liko bure, au muulize mvuvi yeyote, atakwambia bila hata kufikiria.

Ukishajua hilo siku inajipanga yenyewe. Bamvua, asubuhi ni ya kutembea mwambani na jioni ni ya kuogelea. Maji mafu, asubuhi mnaogelea na jioni mnaenda kwingine.

Kutembea mwambani ni kitu ambacho wageni wengi hawakijui na mimi kwangu ndo namba moja kwa watoto, tena haina kiingilio kwa bichi za kawaida kama Diani, Tiwi, Kanamai au Vipingo. Mnatoka maji yakiwa bado yanaenda, yaani saa moja na nusu hivi kabla ya kupwa kabisa, kila mtoto na viatu vya plastiki vya kufungwa nyuma, si malapa, malapa yanavuka mguu kwenye matope na wale wadudu weusi wenye miiba hawana huruma. Kwenye vidimbwi mtaona viti vya pweza, wale wenye umbo la nyota, vyekundu na vya kahawia, jongoo bahari wamelala kama soseji, kaa wadogo wanaoishi ndani ya makombe ya wenzao, samaki wadogo wenye rangi ambao wamebaki hapo wanangoja maji. Mwambie mtoto achuchumae asisogee dakika moja nzima, asitie mkono, aangalie tu. Mwanzo anaona mawe na mchanga, alafu jiwe moja linatembea, alafu kingine kinachungulia, na hapo ndo utamsikia anavyoita wenzake kwa sauti ya chini asije akawatisha. Kiti cha pweza kisitolewe majini kwa ajili ya picha, kinaumia, na makombe yaachwe pale pale, ndani ya hifadhi za bahari ni kosa kabisa kuyachukua.

Hapa sasa nisikilize vizuri. Maji yakianza kurudi hayaji mbele yako, yanakuja kwanza nyuma yako, yanajaza mifereji iliyo kati ya mwamba na nchi kavu, na wewe uko mbali unaona bado pakavu. Ukiona maji yameanza kutembea kuelekea bichi, rudini papo hapo, usingoje mtoto amalize kidimbwi chake. Na kama hamjui njia chukueni kijana wa pale pale awatembeze, mkubaliane bei kabla ya kuondoka.

Kuogelea, nyakati nzuri ni maji yakiwa yanajaa, si yakiwa yanatoka kwa nguvu. Bichi ya wote pale Bamburi, wengi wanaiita Pirates, wikendi na sikukuu inajaa watu mpaka hupati pa kutandika leso, kuna tyubu za kukodi, ngamia, boti, kelele, watoto wa bara wanaipenda sana. Mimi napendekeza siku ya katikati ya wiki. Mtoto mwenye tyubu bado ni mtoto asiyejua kuogelea, mtu mzima awe naye majini, ndani ya urefu wa mkono, si kwa mchanga na simu. Mvalishe tishati ya kuogea na kofia, na kuanzia saa tano mpaka saa tisa mtoe juani kabisa.

Akichomwa na konyeza, yule laini wa baharini mwenye nyuzi, osha na maji ya bahari, usisugue mchanga, toa nyuzi zilizobaki na ukingo wa kadi, na akionekana anapumua kwa shida ni hospitali moja kwa moja. Mwiba ukimwingia mguuni wavuvi hutumia utomvu wa papai bichi, nawe muulize mtu wa pale.

Basi hayo masaa ya jua kali watu wanafanyaje? Wengi wanawapa watoto simu. Kama mmekodi nyumba yenye jiko mimi nasema pikeni wali wa nazi na watoto. Nunua nazi kwa kibanda, azima mbuzi ya kukunia nazi kwa jirani au mwenye nyumba, mtoto wa miaka minane tisa anaweza kuikalia na kukuna, mwambie aizungushe nazi polepole na aachie kabla hajafika kwa ile ngozi ya kahawia manake tui linaharibika rangi. Mnatia maji ya vuguvugu, mnakamua kwa kifumbu, lile la kwanza zito mnaliweka kando, mnakamua tena la pili jepesi, hilo ndo linapika mchele, na likikauka ndo mnamwagia lile zito juu na chumvi mnafunika. Mtoto aliyekuna nazi mwenyewe anamaliza sahani. Machicha wapeleke kuku wa jirani, nayo ni shughuli pia. Baada ya kula, usingizi au bao.

Sasa sehemu za kutembelea, nitasema zile ninazoziamini kwa watoto na siyo zote.

Haller Park, Bamburi. Ilikuwa machimbo ya mawe ya kiwanda cha simiti, shimo kavu jeupe lisilo na kitu, alafu kuanzia 1971 René Haller akaanza kupanda mivinje, akaleta jongoo ili wale majani yaliyokauka mpaka udongo ukapatikana, sai ni msitu. Waelezeni watoto hivyo kabla hawajaingia, wataangalia kwa jicho lingine. Twiga mnawalisha kwa mkono, kwa hivyo ulizeni getini saa za kuwalisha kabla mjapanga siku. Na wasimulieni Owen, mtoto wa kiboko aliyepoteza kundi lake wakati wa tsunami ya Desemba 2004, akaokolewa huko upande wa Malindi akaletwa hapa, akajishikiza kwa kobe mkubwa aliyeitwa Mzee wakawa hawaachani. Ni kisa cha kweli na watoto wadogo wanakitaka tena na tena.

Fort Jesus nendeni asubuhi ikifunguliwa tu, kabla mawe hayajashika moto. Wareno waliijenga kuanzia 1593, na 1696 Waomani wakaizingira karibu miaka mitatu mpaka wakaichukua. Mtoto hajali tarehe, mpe swali, mngekula nini mkiwa mmefungiwa humu ndani miaka yote hiyo? Waache watafute kisima, mizinga na michoro ukutani. Mkitoka ingieni Mji wa Kale kwa miguu, kila mtoto achague mlango mmoja wa nakshi anaoupenda auchore kwa daftari. Mavazi ya heshima tafadhali, ni mtaa wa watu wanaoishi, mpite na salamu, wazee wakisikia shikamoo kutoka kwa mtoto wa mbali wanafurahi sana na ndo mnapata kuonyeshwa vitu ambavyo haviko kwa kitabu chochote.

Jioni hiyo hiyo ni Mama Ngina, pale kando ya bahari mjini Mombasa, chini ya mibuyu. Viazi karai, mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, ukwaju, madafu, kachiri, mabuyu ya kupaka midomo rangi. Meli kubwa zinazoingia Kilindini zinapita karibu sana pale mlangoni, unaweza kusoma jina ubavuni, mwanangu hawezi kuondoka kabla ya kuona moja.

Upande wa kaskazini, unganisha Gede na mkono wa bahari wa Mida, kule upande wa Watamu, siku moja wala usiongeze kingine. Gede ni mji wa Waswahili wa zamani ulioachwa msituni, tangu 2024 uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, kuna jumba la mfalme, msikiti mkubwa, visima, na kaburi lililoandikwa mwaka wa 802 wa Hijra, ndo 1399, mwambie mtoto apige hesabu ni miaka mingapi. Kima wa pale ni wezi hodari, chakula kibaki ndani ya begi lililofungwa. Ndani ya uwanja huo kuna mradi wa Kipepeo ulioanza 1993, wakulima wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke wanafuga vipepeo na kuuza nje ya nchi mabuu waliojifunga, badala ya kukata miti. Alasiri shukeni Mida, Dabaso, kuna njia ya mbao ndani ya mikoko mpaka kwa mgahawa juu ya maji, sambusa za kaa za pale ni tamu kwelikweli. Hapa pia maji yanahusika, yakiwa yamejaa mnaona mikoko imesimama ndani ya bahari, yakipwa mnaona kaa na ndege matopeni, yote mazuri ila ujue unaenda kuona nini.

Kusini, siku moja kubwa ni Shimoni, Wasini na hifadhi ya Kisite-Mpunguti. Pomboo, matumbawe, chakula cha nazi kisiwani ambako hakuna gari hata moja, na njia ya mbao ya akina mama wa Wasini juu ya matumbawe ya kale. Nendeni mapema asubuhi. Hapo kwa boti ndo mzazi awe mkali. Kabla ya kulipa mwambie nahodha atoe jaketi la kuokolea la saizi ya mtoto wako, mvalishe hapo hapo mchangani, funga kamba zote, kisha livute juu kwa mabega, likipanda mpaka masikioni ni kubwa, halimfai. Hana dogo? Tafuta boti nyingine, ata kama mshakubaliana bei. Na kama mnakuja Agosti upepo wa kusi bado uko, bahari inachafuka na watoto wanatapika, afadhali mkae ndani ya mwamba, Kisite muiwekee Desemba mpaka Machi wakati wa kaskazi ambapo maji yametulia na unaona mpaka chini. Aprili na Mei ni masika, bei nafuu lakini mkubali kulowa.

Anayekaa Diani na hataki boti aende Gazi kwa mikoko ya akina mama, au Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo, mnafungwa kaniki, kile kitambaa cheusi, mnaingia na mwenyeji, hakuna kuokota hata jani. Watoto chini ya miaka sita sijaona wakivumilia.

Mambo ya pesa na safari kwa kifupi. Treni ya SGR kutoka Nairobi, tiketi za Desemba zinaisha haraka sana, kateni ya kuja na ya kurudi kwa pamoja kupitia *639#. Januari 2024 ekonomi ilipanda ikawa shilingi 1,500, watoto wa miaka 3 mpaka 11 nusu. Stesheni iko Miritini, wekeni nauli ya kuingia mjini. Kuenda kusini mkiwa na gari kuna barabara ya Dongo Kundu siku hizi, si lazima mpange foleni ya feri Likoni na watoto wanalia. Hifadhi za KWS, shirika la wanyamapori, hazipokei pesa taslimu, mnalipa kwa mtandao wa serikali wa eCitizen, kwa hivyo bebeni vitambulisho na cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto mpate bei ya wakaazi. Chupa za plastiki za kutumia mara moja zimekatazwa kwa hifadhi na bichi tangu Juni 2020, kila mtoto awe na chupa yake ya kujaza.

Kwa siku tano nyinyi wekeni safari kubwa mbili tu, siku zingine ni maji, kivuli na chakula. Mtoto aliyechoka haoni pomboo wala kaburi la 1399.

Na neti ya mbu usiku kila siku, ata kama chumba kina feni. Watoto wa Nairobi na sehemu za baridi hawajazoea malaria, muulizeni daktari kuhusu dawa ya kinga kabla ya safari, na mkisharudi mtoto akishikwa na homa wiki mbili tatu baadaye usimpe panadol ukangoja, mpeleke akapimwe siku hiyo hiyo na umwambie daktari kwamba mlikuwa Pwani.