Petroli na ethanoli ya mabibo, ipi inachafua hewa zaidi? Piga hesabu hivi

Kuna wanaosema mafuta ya mimea, kama ethanoli (pombe kali, juisi ya mabibo iliyochachuka ikikenekwa, yaani ikichemshwa na mvuke wake ukapozwa), ni safi, wengine wanasema mbona yanaungua vilevile tu. Wote wanaangalia ekzosi, na ekzosi haikupi jibu.

Anza na safari, sio lita. Lita ya petroli ikiungua inatoa hewa ukaa kama kilo 2.3, ethanoli kilo 1.5, unaona ethanoli kashinda eeh? Subiri. Nguvu yake ndogo, boda inayokula lita moja ya petroli itataka kama lita moja na nusu ya ethanoli, kwaiyo 1.5 mara 1.5 ni 2.25. Droo.

Sasa rudi yalikotoka. Kaboni ya petroli ilikuwa imelala chini ya ardhi, alafu kabla haijafika sheli hapa Mtwara imechimbwa, imesafishwa, imepanda meli, vyote vinachoma mafuta. Umoja wa Ulaya wanahesabu gramu 94 za hewa ukaa kwa kila megajuli (kipimo cha nishati), lita ina megajuli kama 32, weka kilo 3. Iyo ndo namba ya kushindana nayo. Ethanoli ile 2.25 unaifuta, sababu mti uliivuta hewani juzi juzi tu, ila ongeza usafiri, ongeza mbolea kama imetiwa (naitrojeni ya shambani inatoa naitrasi oksaidi, kilo yake moja inapasha dunia kama kilo 270 hivi za hewa ukaa), na kubwa kuliko yote moto wa kukeneka. Ukikeneka kwa kuni za pori linalokatwa bila kurudi, ushaharibu.

Alafu ardhi, hapa ndo wengi wanaparuka. Miaka ya 2008 hivi kule Kilwa kampuni ya Uholanzi ilichukua maelfu ya hekta ilime mbono (jatropha, mbegu zake zinatoa mafuta ya kuchukua nafasi ya dizeli), pori la asili likaanza kufyekwa, baadae kampuni ikafilisika. Tuseme hekta ya pori ina tani 30 za kaboni, zidisha 3.67 upate hewa ukaa, ni tani 110, gawa miaka 20, tani 5.5 kila mwaka. Mbono ukikupa lita 500 kwa mwaka basi kila lita ina deni la kilo 11 kabla hata hujawasha mashine, wakati dizeli yenyewe haifiki 4!

Mabibo ni habari nyingine. Mkorosho upo shambani kwa ajili ya korosho, na msimu ukifika Newala na Tandahimba mabibo yanaozea chini, kwaiyo deni la ardhi ni sifuri. (Ya kutengenezea uraka, pombe ya mabibo, usiyahesabu, yana wenyewe.)

Jumlisha vyote kwa lita moja na nusu, ikiwa chini ya kilo 3 ethanoli imeshinda, ikizidi bora uende sheli. Na ikishinda usikimbilie kumimina ethanoli tupu kwenye tenki la boda, inakula mipira ya kabureta.