Maktaba ya bure ina mwenyewe

Neno "bure" limewaponza watengeneza programu wengi. Maktaba ya programu huria, yaani msimbo ulioandikwa na wengine ili uutumie ndani ya programu yako, ina mwenye hakimiliki, na alichokupa ni ruhusa yenye masharti. Kabla hujaandika mstari wa kwanza unaoitegemea, fungua faili ya LICENSE uisome. Usipoikuta leseni yoyote, iache. Msimbo kuwekwa hadharani si ruhusa ya kuuuza.

Leseni za MIT, BSD na Apache hazina makuu. Unauza programu yako bila kumwonyesha mtu msimbo, mradi tamko la hakimiliki na maandishi ya leseni yaambatane nayo. Hata hilo watu hulisahau, ilhali ukurasa mmoja wa "Kuhusu" unatosha.

Kisiki ni leseni ya GPL. Ukiunganisha maktaba yake na programu yako kisha ukaigawa, programu nzima inapaswa kutoka kwa GPL, msimbo na vyote. Kampuni ya Cisco waliinunua Linksys, watengeneza ruta, mwaka 2003, na ndani ya ruta zake mlikuwa na programu za GPL. Desemba 2008 Free Software Foundation, shirika linalotetea programu huria, wakawashitaki Cisco kwa kukiuka masharti hayo, kesi ikaisha kwa maafikiano mwaka uliofuata. Leseni ya AGPL huvuka hapo: ukirekebisha programu yenye leseni hiyo ikabaki kwenye seva yako, wanaoitumia kupitia mtandao bado wana haki ya kupata msimbo.

Panapohitaji utulivu zaidi ni LGPL, ndugu ya GPL iliyolegezwa. Chukua maktaba ya FFmpeg, inayochakata video na sauti. Kwa kawaida iko chini ya LGPL 2.1. Ikikaa pembeni kama faili ya .dll au .so ambayo mteja anaweza kuibadilisha, msimbo wako unabaki wako, ila utoe msimbo wa FFmpeg yenyewe pamoja na marekebisho yako. Ukiiyeyusha ndani ya faili yako moja, mteja apewe vipande vya kumwezesha kuiunganisha upya. Lakini aliyeijenga kwa chaguo la --enable-gpl, pengine kwa kuitaka x264, maktaba ya kubana video, ameshaigeuza kuwa ya GPL. Ya --enable-nonfree haigawiwi kabisa. Usibahatishe: amri ya ffmpeg -version huonyesha ilivyojengwa.

Kisha kuna maktaba zinazovutwa na maktaba, zile ambazo hukuzialika. Andika jina, toleo na leseni ya kila moja. Udhaifu wa kiusalama wa Log4j, maktaba ya Java ya kuandika kumbukumbu za programu, ulipotangazwa Desemba 2021, mwenye orodha ya namna hiyo alijua mara moja kama inamhusu. Orodha hiyo hiyo ndiyo ya kumpelekea mwanasheria, kabla ya kusaini mkataba na mteja.