Kompresa ya AC haishiki? Fuata umeme kabla hujaongeza gesi

Ikifika Oktoba hapa Dodoma, gari za AC zinapanga foleni gereji. Nyingi zinakuja zimeshajazwa gesi mara mbili bila nafuu. Kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi ya AC, isiposhika, mimi kipimo cha kwanza ni umeme.

Hatua ya 1: Sikiliza. Washa injini, feni ya ndani namba moja, bonyeza AC. Klachi ya sumaku, inayounganisha kompresa na puli ya mkanda, ikishika utasikia "ta!" na sahani ya mbele ya kompresa itaanza kuzunguka pamoja na puli. Puli ikizunguka peke yake, klachi haijashika. Kompresa nyingine za kisasa hazina klachi kabisa, hizo zina upimaji wake. Na haibridi yenye nyaya nene za rangi ya chungwa usiiguse kama hujafundishwa, umeme wake unaua.

Hatua ya 2: Pima kwenye soketi ya klachi. Volti 12 zikifika na bado haishiki, zima injini upime koili, yaani waya uliosokotwa unaotengeneza sumaku ya klachi. Nyingi husoma omu 3 hadi 5. Mita isiposoma kitu (OL, siyo sifuri), koili imekatika. Ikiwa nzima, kagua arthi, halafu nafasi kati ya sahani na puli, ambayo kwa kawaida ni nusu milimita hivi.

Hapo kwenye nafasi ndipo wengi wanapotea. Nililetewa Noah kutoka Manyoni, asubuhi inapoza vizuri, saa saba mchana imekufa. Koili ikipata moto omu zinapanda, sumaku inalegea, na sahani iliyolika inakuwa mbali haivutiki. Nikiwa na mteja pembeni niliisukuma sahani kwa mpini wa bisibisi, injini imezimwa na koili imepewa umeme: ikanasa palepale. Nikafungua, nikatoa shimu moja (kipete cha kupanga nafasi) nyembamba kama ukucha, sahani ikasogea karibu na puli. Mteja alikuwa tayari ana bei ya kompresa nzima mfukoni.

Hatua ya 3: Volti hazifiki? Angalia fyuzi, kisha rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme. Mguu 30 unapokea umeme wa betri, 87 unaupeleka kwenye klachi, 85 na 86 ni koili ya rilei. Chomoa rilei, unganisha 30 na 87 kwa waya wenye fyuzi, sekunde chache tu. Klachi ikishika, njia hiyo ni nzima, kosa liko kwenye rilei au kwenye amri inayoiwasha. Waya huo usiuache. Unaruka kinga zote, na kompresa isiyo na gesi inajisaga yenyewe.

Hatua ya 4: Tafuta aliyekataa. Kabla ya kuiwasha rilei, kontrol boksi (kompyuta ya gari) inaangalia swichi ya AC, feni ya ndani, joto la injini, sensa ya evaporeta (kipoozaji cha ndani ya gari) na swichi ya presha. Evaporeta ikikaribia kuganda, inakata. Presha ikishuka chini ya bar 2 hivi, inakata, na hapo ndipo gesi inahusika: tafuta inapovujia kwanza. Ikipanda kukaribia bar 30, inakata pia.

Gari inayopoza njia nzima ya Singida halafu inakata ikisimama Sabasaba hapa mjini, mimi naenda moja kwa moja kwenye feni ya kondensa, ile rejeta ya AC iliyo mbele ya gari. Feni ikiwa nzima, huenda kondensa imejaa vumbi. Ioshe kwa maji ya presha ndogo, ukianzia upande wa injini kuelekea nje.