Vaa ngoma kwanza, ndipo uchague mshiko wa vijiti

Kabla hujauliza ushike vijiti namna gani, vaa ngoma. Ivae kama utakavyoivaa siku ya gwaride, mkanda ukiwa umekazwa kwa urefu wako, kisha tembea hatua kadhaa mikono mitupu. Simama, utazame uso wa ngoma. Umelala sawasawa mbele ya tumbo, au umeinama? Kama umeinama, umeinamia upande gani? Vijana wangu wakianza kubishana nani anashika kiaskari, yaani mshiko wa jadi, na nani anashika kisasa, yaani mikono sawa, huwa nawarudisha hapo, maana hapo ndipo jibu lilipo.

Nafundisha ngoma kwenye bendi ya vijana wa parokia, huku Mbagala, na snea zetu, zile ngoma ndogo za gwaride zenye nyaya chini, hazifanani. Chache zina kibebeo cha chuma kinachokaa mabegani, kwa hiyo uso wake haulali upande wowote. Zilizobaki zinaning'inia kwa mkanda mmoja unaopita bega la kulia. Hizo zinakaa kwenye paja la kushoto, na ukingo wake wa kushoto unakuwa juu kuliko wa kulia.

Sasa jaribu kuupiga huo uso ulioinama kwa mkono wa kushoto, kiganja kikitazama chini. Kijiti kinagonga ukingo. Ili kiuvuke, itabidi uinue kiwiko hadi karibu na bega, na ukitembea hivyo kutoka kanisani hadi Barabara ya Kilwa, bega litawaka moto. Askari wa Ulaya waliobeba ngoma ubavuni karne nyingi zilizopita walikuwa na shida hiyohiyo. Wakageuza mkono wa kushoto, kiganja kikaelekea juu, na kijiti kikapita juu ya ukingo bila kiwiko kunyanyuka. Huo ndio mshiko wa jadi, na mkanda ndio uliouzaa.

Kwa hiyo ngoma yako ikilala sawasawa, shika mshiko wa mikono sawa, mikono yote miwili viganja chini. Usione ni mshiko wa wanaoanza. Wapigaji wa ngoma za tena, zile kadhaa zinazobebwa pamoja, na ngoma kubwa ndio wanaoutumia, na kijana aliyeujua anaweza kuhamia huko, au kwenye dramu za kwaya, bila kufundishwa upya mkono mmoja. Hata kwenye dramu za jukwaani, wapigaji wakubwa wa jazi kama Gene Krupa na Buddy Rich walishika kijadi, mshiko uliotoka katika dunia ya ngoma za gwaride. Ringo Starr, mpiga dramu wa bendi ya Beatles, alipoonekana kwenye televisheni ya Marekani mwaka 1964 akishika mikono sawa, vijana wengi wakamfuata.

Mshiko wa mikono sawa hauna maelezo marefu. Tafuta kwanza mahali kijiti kinapodunda vizuri chenyewe, karibu theluthi moja kutoka mwisho wake wa nyuma. Kibane hapo kwa kidole gumba na pingili ya kwanza ya kidole cha shahada. Vidole vitatu vilivyobaki vikizunguke bila kukaza. Viwiko vining'inie karibu na mbavu. Ncha mbili zikutane karibu na katikati ya ngozi, vijiti vikifanya pembe kama herufi V. Ukiona ngozi ya kiganja imekuwa nyeupe, umebana mno.

Mshiko wa jadi unataka subira zaidi, na watu wengi huukosea mwanzoni kabisa kwa kukimbilia vidole. Mkono wa kulia unabaki kama nilivyoeleza. Kushoto, weka mkono mbele yako kiganja kikitazama kulia, kidole gumba juu. Ingiza kijiti ndani kabisa ya shina la kidole gumba, pale nyama inapokutana na shahada. Usipeleke vidole vingine kwanza.

Kuna mzee mmoja aliyestaafu bendi ya jeshi ambaye hupita mazoezini kwetu. Vijana wakishampa shikamoo, huchagua mmoja, akamwekea kijiti pale shinani, akamfungua vidole vyote vilivyobaki, kisha akamwambia, "Haya mjukuu wangu, dundisha." Kijana hana cha kukishikia kijiti isipokuwa lile shina, na lazima kidunde. Nimelichukua zoezi hilo, na simruhusu mtu kuendelea mpaka kijiti kidunde chenyewe bila kuanguka. Asiyepita hapo, rolo yake, yale mapigo ya mfululizo wa haraka, itakuwa nzito mkono wa kushoto maisha yake yote.

Kikishadunda, kunja kidole cha pete na cha mwisho kuelekea kiganjani, kijiti kikae juu ya kidole cha pete, kati ya kucha na pingili ya kwanza. Kisha shahada ipite juu ya kijiti, na tumbo la kidole gumba liiguse karibu na pingili yake ya kwanza. Kidole cha kati kinalala juu ya kijiti kwa wepesi. Mguso wa gumba na shahada usiachane, kwa sababu hapo ndipo utakapokuja kupata nguvu ya mapigo mawili mawili.

Kijiti hakiinuliwi kwa kupandisha kifundo cha mkono. Mkono wote kuanzia kiwiko unazunguka, kama unayefungua kitasa cha mlango, kiganja kikielekea juu kijiti kinapopanda na kurudi kijiti kinaposhuka. Mtu aliyezoea mikono sawa atataka kupiga kwa kushusha kifundo. Mkamate kigasha kwa upole na umzungushie mwenyewe mpaka asikie tofauti.

Mazoezi yaanze mbali na ngoma. Kipande cha mpira wa tairi kutoka kwa fundi pancha, ukikigundisha kwenye ubao, ni pedi nzuri kabisa, na majirani watakushukuru. Weka metronomu ya simu, ile programu inayogonga mwendo, kwenye mapigo 80 kwa dakika. Piga mapigo manane kulia, manane kushoto, ncha zote zikipanda inchi 6, si zaidi. Halafu mawili mawili. Halafu paradidili: kulia, kushoto, kulia, kulia; kushoto, kulia, kushoto, kushoto. Fumba macho. Ukiweza kutambua mkono wa kushoto kwa sauti tu, bado haujafika. Kwenye mshiko wa jadi kushoto husikika hafifu kwa sababu vidole vinavyosukuma ni vichache, na dawa yake ni kupima urefu wa ncha, si kuongeza hasira. Panda polepole hadi mwendo wa gwaride, karibu 120 kwa dakika, na usipande siku ambayo sauti mbili bado zinatofautiana.

Joto la Dar nalo lina neno lake. Jasho hufanya kijiti kiteleze, na anayeteleza hubana. Kaa na kitaulo kiunoni, futa mikono na vijiti kila wimbo unapoisha. Kwenye mshiko wa jadi ngozi huchubuka shina la kidole gumba na ubavu wa kidole cha pete. Ikianza kuuma hapo, hamia kwenye mikono sawa siku hiyo, usisubiri lengelenge lipasuke katikati ya maandamano.

Kwa wapigaji ngoma wa bendi za matarumbeta wanaosindikiza harusi nyuma ya kirikuu, mimi ningewaambia mikono sawa bila kusita. Ngoma imelala mapajani, gari linaruka matuta, na kijiti kilichobanwa shinani peke yake hutoka kirahisi.

Bendi za gwaride zina jambo jingine: mstari. Vikosi vikubwa vya Marekani, vile vinavyoshindana chini ya Drum Corps International tangu 1972, vingi hushika kijadi hata kama ngoma zao zimelala sawasawa, kwa kupenda urithi wao na mwonekano wake. Ni haki yao, na wanafanya mazoezi ya kutosha kuubeba. Ninachokisisitiza kwetu ni kwamba mstari mmoja uwe na mshiko mmoja. Mtazamaji akiona viwiko vinne vya kushoto vimekaa chini na kimoja kimepanda, hatasikia tena muziki. Kama bendi yako ina ngoma za mkanda na za kibebeo pamoja, zipange mistari miwili, au legeza mikanda na uihamishie ngoma mbele ya tumbo ili nyuso zote zilale, kisha wote washike mikono sawa. Fanya hivyo wiki kadhaa kabla ya sherehe, siyo asubuhi yake, na mwombe mtu awarekodi kwa simu kutoka mbele mkitembea. Tazameni video bila sauti kwanza, mkiangalia viwiko vya kushoto tu.