Namna ya Kulinganisha Matunzo ya Muda Mrefu ya Wazee Baina ya Nchi

Anayetaka kulinganisha matunzo ya wazee wa nchi mbalimbali asianze na bajeti za serikali, kwa kuwa neno "matunzo" halina mipaka ile ile kila mahali: huku huhesabiwa ndani ya afya, kule ndani ya ustawi wa jamii, na kwingine kazi yote hufanywa na binti au mkamwana asiyeandikwa katika daftari lolote. Ni afadhali amchukue mzee mmoja wa kufikirika, tuseme mjane wa miaka 82 anayeishi peke yake, asiyeweza tena kuoga wala kuvaa bila msaada, ampitishe nchi baada ya nchi, na kila anapofika aulize nani atamwogesha na nani atalipa.

Ujerumani, yenye bima ya lazima ya matunzo tangu 1995, mjane huyo atapimwa na kuwekwa katika daraja moja kati ya matano. Kuanzia daraja la pili anaweza kuchagua watumishi wa kulipwa au fedha taslimu, ambazo aghalabu humfikia binti anayemhudumia. Japani, ambako bima kama hiyo ilianza Aprili 2000 na huchangiwa kuanzia umri wa miaka 40, madaraja ni saba, na mzee hulipia asilimia 10 hadi 30 ya gharama kulingana na kipato chake. Fedha taslimu hazitolewi, na jambo hili lisipitwe haraka: wanawake waliozipinga walihofu kwamba zingemfunga mkamwana nyumbani badala ya kumpunguzia mzigo. Kwa hiyo jedwali lolote liwe na safu ya kazi isiyolipwa, hata kama itajazwa kwa makadirio.

Uingereza isiandikwe kama mfumo mmoja. Scotland humwogesha mjane wetu nyumbani kwake bila malipo tangu 2002, ilhali England humtaka mwenye mali inayozidi pauni 23,250 ajilipie, na akihamia makao ya wazee, nyumba yake nayo kwa kawaida huhesabiwa. Marekani, Medicare, yaani bima ya afya ya serikali kwa wazee, haigharamii matunzo ya aina hii yakiwa ya kudumu. Medicaid, mpango wa serikali wa afya kwa wasio na uwezo, huingia pale mali inapokaribia kwisha.

Mwisho, pensheni isichanganywe na matunzo. Pensheni Jamii ya Zanzibar, iliyoanza 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea, ni kipato. Humsaidia mzee kununua sabuni, lakini haimleti mtu wa kumtekea maji. Iwekwe katika safu yake.