Leseni ya ndoa Houston: tulivyoipata sisi

Nendeni wote wawili kwa karani wa Kaunti ya Harris, kila mtu na kitambulisho chake. Sisi tulibeba pasipoti. Kosa langu? Nilipanga ndoa kesho yake! Texas hutaka saa 72 zipite tangu leseni itolewe, na siku 90 zikiisha hamjafunga ndoa, mnaanza upya. Mama, kule Nakuru, alicheka kwenye simu hadi akakohoa.

Mkishafungishwa, mchungaji au shehe ajaze sehemu yake kwenye leseni na kuirudisha leseni hiyo kwa karani ndani ya siku 30. Mkumbusheni.

Nakala zilizothibitishwa, zile za kupeleka uhamiaji, ombeni kaunti ileile iliyotoa leseni. Jimbo lenyewe hutoa barua ya uthibitisho tu. Mimi nilichukua nakala mbili.