Jinsi ya kusajili biashara ya kadi za mkono ukiwa nyumbani Nairobi

Kabla ya yote, usichonge muhuri. Mimi nilichonga. Nilikuwa na kadi za salamu karibu mia mbili mezani, za manila nyeupe zilizobandikwa magome ya mgomba na vipande vya kitenge, nikaona kilichobaki ni jina tu nyuma ya kadi ili zifanane na za dukani. Nikashuka mjini, fundi akanichongea muhuri nikisubiri, na usiku ule nikagonga hadi mkono ukafa ganzi. Wiki mbili baadaye nikaomba jina lile lisajiliwe. Likakataliwa. Kulikuwa na mwenzangu aliyewahi, tofauti yetu ilikuwa herufi moja. Kadi zote nilizibandikia vibandiko nyuma, na hadi leo ukiinua moja kwenye mwanga unaona kivuli cha jina lisilo langu.

Kwa hivyo fuata mpangilio huu: jina kwanza, kisha cheti, ushuru, leseni ya kaunti, na muhuri uje mwisho kabisa.

Je, lazima usajili?

Si kila mtu. Sheria ya Usajili wa Majina ya Biashara, Sura ya 499, inamlenga anayefanya biashara kwa jina ambalo si lake. Ukiitwa Akinyi Otieno na nyuma ya kadi umeandika Akinyi Otieno basi, sheria hiyo haikudai usajili. Ukiongeza neno moja, ikawa Kadi za Akinyi, umeingia.

Hata usipolazimika, mimi nakushauri usajili. Siku utakapopeleka kadi kwenye duka la zawadi, mwenye duka atakuuliza cheti kabla hajatazama kazi yako. Benki nayo haitakufungulia akaunti kwa jina la biashara bila cheti. Lakini ujue pia kisichowezekana kwa karatasi hiyo. Haikutenganishi na biashara: deni la biashara ni deni lako, litakufuata hadi sebuleni. Anayetaka kutenganishwa husajili kampuni, na kwa kazi ya gundi na makasi kwenye meza ya jikoni sioni haja ya kujitwisha mzigo huo mapema. Vilevile cheti hakiligeuzi jina kuwa alama ya biashara. Hilo ni ombi jingine, linapelekwa KIPI, Taasisi ya Mali ya Viwanda, na lina ada zake.

Vitu vya kukusanya kabla hujaketi

Utahitaji kitambulisho, PIN ya KRA (namba ya mlipa ushuru kutoka Mamlaka ya Mapato), picha ya pasipoti ya rangi, barua pepe unayoikumbuka nywila yake (usicheke, saiba, pale kwa kompyuta za kulipia, nimeona watu wakirudi nyumbani kwa sababu hii), namba ya simu yako mwenyewe, na anwani ya posta. Kama huna sanduku, omba ruhusa ya kutumia la mzazi au la kanisa.

Kisha kuna mahali pa biashara, na hapa ndipo wapangaji tunapokwama. Fomu haitosheki na "Umoja, karibu na stegi". Inataka kaunti, mtaa, barabara, jina la jengo, namba ya nyumba na namba ya kiwanja. Hiyo ya mwisho nilimwendea keateka wetu, msimamizi wa jengo.

"Mzee, nisaidie namba ya ploti."

"Ya nini tena, Mama Njeri? Unataka kutuuza?"

"Nataka kusajili biashara ya kadi."

"Zile za kukatakata karatasi? Hizo nazo zinasajiliwa?"

Aliniandikia nyuma ya risiti ya stima. Hapo hapo nikamwomba anifikishie ujumbe kwa mwenye nyumba kwamba nafanya kazi ya mikono chumbani, haina mashine, haina kelele, haina foleni ya wateja langoni. Soma mkataba wako wa nyumba. Mingine inakataza biashara yoyote, na ni heri kuombana mapema kuliko kupewa notisi Desemba ukiwa na oda za Krismasi.

Kama huna PIN, ifungue kwenye iTax, tovuti ya KRA. PIN haina ada. Kijana wa saiba akikutoza, ujue unalipia kazi ya vidole vyake.

Kuomba jina kwenye eCitizen

Ingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa akaunti yako, au fungua mpya kwa namba ya kitambulisho. Andika majina kama yalivyo kwenye kitambulisho, hata kama karani wa zamani alikosea herufi. Ukiwa ndani, tafuta Huduma ya Usajili wa Biashara, ile inayojulikana kwa herufi BRS. Wazazi wetu walipanga foleni Sheria House, Harambee Avenue, kwa kazi hii. Siku hizi inamalizika kwenye simu, ingawa mimi hupendelea kompyuta kwa sababu ya kupakia nyaraka.

Chagua usajili wa jina la biashara, si kampuni. Hatua ya kwanza ni kutafutiwa jina: unapendekeza majina kadhaa kwa mpangilio wa unavyoyapenda, na msajili analinganisha na yaliyopo. Usilete moja na vivuli vyake. Mara ya pili mimi nilileta majina yasiyofanana kabisa, na lililopita ni la tatu, nililoliandika kujaza nafasi tu. Sasa ndilo ninaloitwa sokoni.

Majina yanayoanguka haraka ni yale yanayokaribiana na la mtu mwingine, yanayojifanya ya serikali, na yenye maneno kama benki, bima au chuo kikuu, ambayo yana wenyewe. Jina la jumla mno, kama Kadi Nzuri Nairobi, nalo ni la kujitafutia taabu, kwa kuwa mtu mwingine alishaliwaza. Tia neno la kwenu: jina la mto, la mmea, la bibi yako.

Kulipa kunafanyika humo humo. Tangu 2023 malipo ya serikali yamekusanywa kwenye Paybill moja, 222222, na namba ya akaunti ni ile iliyoandikwa kwenye ankara yako, si namba ya kitambulisho. Kiasi kiko kwenye skrini kabla hujalipa. Mtu akikwambia utume kwa namba yake ya simu ndio faili "isukumwe", funga mazungumzo.

Jina likikubaliwa, rudi ujaze maelezo ya mwenye biashara, mahali, na aina ya kazi. Sehemu ya aina ya kazi wengi huijaza kwa maneno mawili kisha hujuta. Usiandike kadi za salamu peke yake. Ongeza bahasha, kadi za mialiko ya harusi na za rambirambi, mifuko ya zawadi, chochote unachoona mikono yako itafika ndani ya mwaka. Mimi niliongeza mialiko bila kufikiri sana, na leo ndiyo inayolipa kodi ya nyumba.

Mfumo utakupa fomu ya kuchapisha. Tia sahihi mahali pake, kisha iskani vizuri na uipakie pamoja na kitambulisho, PIN na picha. Nasema iskani. Picha ya simu yenye kivuli cha kidole pembeni ndiyo hurudishwa, na ombi likirudishwa unaanza tena kungoja. Chungulia akaunti yako kila baada ya siku moja au mbili badala ya kusubiri kupigiwa simu. Cheti kikitoka, kipakue na ukague herufi za jina lako moja moja kabla hujakituma kwenye grupu la familia.

Ukishindwa kabisa, nenda Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali: GPO, Makadara, Kibra, Eastleigh au City Square. Nenda asubuhi.

Ushuru, bila hofu

Hapa pana uvumi mwingi, kwa hivyo nitakaa kidogo.

Ushuru wa mauzo, ule wa asilimia 3, unamhusu mwenye mauzo yanayozidi shilingi milioni 1 na yasiyopita milioni 25 kwa mwaka. Ni mauzo, si faida. Aliye humo hutuma ritani, yaani taarifa ya ushuru, kila mwezi kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. VAT, ushuru wa ongezeko la thamani, ni habari ya mauzo ya kuanzia milioni 5. Wengi wetu wa kadi hatufiki hata hiyo milioni ya kwanza, angalau miaka ya mwanzo.

Kutofika hakumaanishi kunyamaza. Mapato yako yanaingia kwenye ritani ya mwaka, inayotumwa iTax kufikia tarehe 30 Juni. Unachotozwa ni faida: mauzo ukitoa manila, gundi, bahasha, boda na vinginevyo. Nafuu ya kibinafsi ni shilingi 2,400 kwa mwezi, kwa hivyo mtu ambaye faida yake yote kwa mwaka haizidi shilingi 288,000, na hana mapato mengine, hesabu yake huishia sufuri. Lakini ukiwa umeajiriwa, faida ya kadi inapanda juu ya mshahara na inatozwa kwa kiwango cha huko juu. Na usitume ritani ya sufuri kwa mazoea ilhali umeuza. Kuchelewa kunamgharimu mtu binafsi faini isiyopungua 2,000, bei ya rundo zima la manila.

Risiti zangu huziweka kwenye boksi la viatu, kila mwezi na bahasha yake. Si ufundi, lakini Juni sitokwi jasho.

Kitu kingine ni eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Kampuni ikikuagizia kadi mia za kufunga mwaka, itakudai ankara ya eTIMS, kwa kuwa tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara hiyo haikubaliwi kwenye hesabu zao za ushuru. Jiandikishe kabla oda haijaja. Nilijifunza nikiwa na kadi zimefungwa kwenye katoni, mnunuzi yuko kwenye simu.

Leseni ya kaunti

Leseni za biashara ni kazi ya kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010, kwa hivyo cheti cha BRS hakimridhishi kanjo, askari wa kaunti. Kwa Nairobi unaomba kibali cha pamoja cha biashara kwenye tovuti ya huduma za kaunti. Kinaitwa cha pamoja kwa sababu vibali vilivyokuwa vikitolewa mbalimbali, kama cha zimamoto na cha mabango, vimewekwa ndani ya kimoja.

Utaulizwa kaunti ndogo na wadi (jua wadi yako, ziko 85 na majina yake hayafanani daima na ya mtaa), aina ya biashara, ukubwa wa nafasi na idadi ya wafanyakazi. Ada hutegemea majibu hayo, kwa hivyo jibu kweli. Mtu mmoja na meza asijitangaze kama kiwanda cha uchapaji. Lipa kwa ankara, pakua kibali, tazama tarehe ya kuisha na uiweke kwenye simu yako. Nakala moja ikae nyumbani, nyingine mkobani siku unapokwenda kuuza. Kwenye Maasai Market na maonyesho ya Krismasi huulizwa.

Pesa na michoro

Usipokee pesa za kadi kwenye namba ile ile unayonunulia tokeni za stima. Kwa kuanza, Pochi la Biashara linatosha. Linafunguliwa kwa *334# na linatenganisha pesa za mauzo na zako. Cheti kikishatoka, omba till, namba ya kupokelea malipo ya M-Pesa, yenye jina la biashara. Mteja anayeona jina lile lile kwenye kadi na kwenye ujumbe wa M-Pesa halalamiki kwamba ametuma kwa mtu asiyemjua.

Mchoro wako una hakimiliki tangu ulipouchora. Kuusajili KECOBO, bodi ya hakimiliki, si lazima, lakini kunasaidia siku utakapokuta nakala zake zimetandikwa kando ya barabara. Na wewe pia usichukue vya wenyewe. Kadi ya birthday yenye nembo ya Arsenal itauzika sana, naelewa, ila nembo hiyo si yako.

Ukilenga kadi za heri njema kwa watahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, anza safari hii Julai. Oktoba ni mwezi wa kubandika, si wa kungoja majibu ya eCitizen.

Sasa chonga muhuri. Mpe fundi cheti chenyewe anakili jina kutoka humo, usimtajie kwa mdomo. Ongeza namba ya simu ya biashara, usiweke ya nyumbani. Ukifika, ugonge kwanza kwenye kipande cha manila kilichobaki na uache kikauke: wino mwingine hupenya hadi upande wenye picha.